Kwenda Kumtoa Rukia Eda

Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1986, nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Lanham, Maryland, nikikusanya kwa reki majani yaliyooza kwa mvua ya wiki nzima, wakati mtu wa posta aliponipungia bahasha kutoka upande wa pili wa ua. Stempu ilikuwa ya Ufaransa, lakini mwandiko haukuwa wa mdogo wangu Rukia. Niliifungua papo hapo, na glavu zenye matope mkononi.

Mmeniuliza mara nyingi, marafiki zangu wa Lanham na Bowie, na wewe wa Germantown uliyenipigia simu mara tatu, ni nini hasa kilichotokea huko. Kila mara nimejibu kwamba tulisalimika, alhamdulillahi, kisha nikageuza mazungumzo. Nimeona ni heri niandike mara moja. Habari za tiketi na viza naziacha. Hazina funzo kwa mtu yeyote.

Barua ilitoka kwa Maureen, Mwingereza, jirani wa Rukia katika kijiji kimoja cha kusini magharibi mwa Ufaransa. Anwani yangu aliipata kwenye kifurushi nilichokuwa nimetuma mwezi wa Novemba. Aliandika kwamba tangu mazishi ya mumewe mwezi wa Julai, Rukia hajatoka nje ya nyumba. Hamfungulii mwanamume yeyote. Chakula wanachomwachia mlangoni kinarudi nusu. Simu imekatwa kwa kuwa ilikuwa kwa jina la marehemu. Daktari angekuja Jumatatu tarehe 22, kabla ya sikukuu, na huenda akaamua apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili mjini. "Mimi na mume wangu hatukubaliani kama hilo ni jambo jema," alimalizia, "lakini tunakubaliana kwamba wewe unapaswa kujua."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilijisemea kwamba hawa Waingereza hawajui eda, na kwamba simu moja tu ingetosha kuwaelimisha. Kisha, nikiwa bado nimesimama na reki, nilianza kuhesabu kwa vidole. Marehemu alifariki tarehe 20 Julai. Ukihesabu miezi minne na siku kumi kwa mwandamo wa mwezi, eda ilikwisha tarehe 25 Novemba. Nilihesabu tena, nikafika palepale.

Kwa wale kati yenu mliotoka bara na hamkuyazoea mambo yetu, nieleze kidogo. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani muda huo, bila mapambo, bila kuonana na wanaume wa nje. Siku zikitimia, sheria imemwachia. Lakini kwetu Mombasa siku hazimtoi mtu. Wanaomtoa ni watu. Wanawake wa ukoo huja asubuhi, wakamwosha, wakamsinga mwili kwa liwa, ule unga wa msandali, wakamvisha leso mpya na kumfukiza udi, kisha mmoja wao, aghalabu mkubwa wake, humshika mkono akamvusha kizingiti. Mkubwa wa Rukia aliyebaki ni mimi peke yangu.

Barabara ya uwanja wa ndege

Jumatano alasiri Wanjiru alinipeleka uwanjani. Wengi wenu mnamjua: muuguzi, mkazi wa Bowie, asiyeweza kunyamaza dakika mbili. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakuwa amelala. Tulipofika kwenye barabara kuu ya mzunguko, magari yalikuwa yamesimama mpaka upeo wa macho, taa zote nyekundu.

"Na huyo daktari akimweka ndani kabla ufike?" aliniuliza.

"Wanjiru, tafadhali."

"Nauliza tu. Mimi niko kazi hiyo. Mtu akisha-admitiwa, kumtoa ni stori ingine." Aliniangalia, akaona uso wangu. "Haya, wacha kuworry. Umebeba sweta?"

"Mbili."

"Ufaransa si Mombasa, mama. Ongeza hii." Akavua sweta yake palepale kwenye usukani, kichwa kikapotelea ndani ya shingo ya sweta, huku dereva wa nyuma akipiga honi kwa kuwa foleni ilikuwa imesogea hatua tatu.

Ndege ilichelewa kwa muda wa saa nne, mabawa yakipuliziwa dawa ya kuyeyusha barafu. Nilikaa nikiwa nimekumbatia mkoba wenye udi na liwa, nikirudia moyoni maneno ambayo ningemwambia daktari kwa Kiingereza changu kizuri cha chuo kikuu. Nilikuwa nimesahau kwamba daktari ni Mfaransa.

Paris, bila treni

Mwezi wa Septemba mabomu yalikuwa yamelipuka katika jiji lile, na stesheni ya treni za kusini ilijaa askari wenye bunduki. Mmoja alinifanyia ishara nifungue mkoba. Alitoa kopo la liwa, akalinusa. Alitoa mfuko wa udi, vipande vyeusi vilivyofungwa kwa nailoni na uzi, akaviinua juu ya taa, na uso wake ukabadilika. Akamwita mwenzake. Nilisema kwa Kiingereza kwamba ni manukato, kwamba ni ya mjane. Walinielekeza ukutani. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Ya Rabi, nisaidie, nitachelewa."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga deki karibu nasi aliinua kichwa. Alikuwa mnene, mwenye kitambaa cha manjano kichwani. Aliegemeza fimbo ya deki, akawajia wale askari na kusema nao Kifaransa kirefu, mkono mmoja kiunoni. Askari wa kwanza alitabasamu, akanirudishia udi wangu kwa heshima kubwa.

"Mama, weye unasema Kiswahili," yule mwanamke aliniambia. "Miye ni wa Bukavu. Baniita Mama Béatrice. Bale bapolisi banafikiri ile miti yako ni ya kulipua. Nimebaambia ni parfum ya bibi-arusi."

"Lakini si ya bibi-arusi. Ni ya mjane."

"Acha, mama. Ya bibi-arusi banaielewa."

Nikamshukuru, nikamwuliza treni ya Limoges huondokea wapi. Aliniangalia kwa huruma.

"Treni? Leo treni hakuna. Batu ya reli beko mu grève. Banagoma. Hakuna mutu anajua mpaka lini."

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na siku nne tu. Niliketi juu ya sanduku langu, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua ifike, nililia. Mama Béatrice alimaliza sehemu yake ya sakafu bila haraka, kisha akanichukua kwake, katika jengo refu nje ya jiji ambako lifti ilikuwa mbovu na kila ghorofa ilikuwa na harufu ya jiko tofauti. Nilikaa kwake siku mbili. Alinilisha bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, na alipoona nachezea chakula alinikemea kana kwamba ni mtoto wake. Ijumaa asubuhi na jioni tulirudi pamoja stesheni kusoma ubao. Mara zote mbili ubao ulikuwa mtupu.

Ijumaa, tukichambua maharage mezani, nilimweleza habari ya Rukia. Nilimweleza kwamba niliahidi kwa maandishi kuwapo siku ile ya Novemba, na kwamba siku chache kabla niliandika tena kuwa kazini nimezuiliwa, nikatuma leso na viatu vipya kwa posta badala ya kwenda mwenyewe.

"Patron alikukatalia?" aliuliza.

Ninyi mnajua kwamba nafanya kazi maktabani mjini, idara ya kuorodhesha vitabu, chini ya msimamizi mpole ambaye hajawahi kumkatalia mtu jambo. Ningeweza kumdanganya Mama Béatrice kama nilivyomdanganya Rukia. Sijui ni kwa nini nilimwambia kweli. Labda kwa kuwa hatungeonana tena.

"Sikumwomba," nilisema.

Aliendelea kuchambua. Akatupa jiwe moja dogo, likalia kwenye bakuli la bati.

"Leo weye unalia juu ya treni," alisema mwishowe. "Ile siku treni zilikuwako."

Kwenda Limoges

Jumamosi alfajiri, treni moja iliondoka. Tulisimama ndani ya ujia, bega kwa bega, mizigo kati ya miguu. Baada ya saa mbili ilisimama katikati ya shamba lililokuwa jeupe kwa barafu, ikakaa hapo karibu saa tatu, na hakuna aliyetupa sababu. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyepandisha hasira. Watu walitoa visu vya mfukoni na mikate, wakakata, wakagawana, wakabishana kwa furaha, na ingawa sikuelewa neno, niliona wazi kwamba nusu yao wanawatetea wagomaji waliowafanya wagande pale. Bibi mmoja alinipa mkate wenye nyama ya rangi ya waridi ndani. Nilitikisa kichwa, nikashika tumbo kumwonyesha kwamba dini yangu hainiruhusu. Yeye alielewa kwamba naumwa, akatangaza hivyo kwa ujia mzima. Tangu hapo hadi Limoges nilipewa vidonge vya aina nne na tufaha moja. Tufaha nililila.

Ndani ya gari la Maureen na Keith

Nilikuwa nimewapigia simu kutoka Paris, nao walikuwa wakinisubiri nje ya stesheni tangu saa nne asubuhi: Maureen, mfupi, mwenye miwani mikubwa na koti la mvua; na mumewe Keith, mrefu, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka kaskazini ya Uingereza. Walihamia Ufaransa miaka mitano nyuma, baada ya kuuza nyumba yao kwao. Nilipakiwa kiti cha nyuma chini ya blanketi la mbwa, na kabla hatujatoka mjini nilikuwa nimeelewa maana ya ile sentensi ya barua kwamba hawakubaliani.

"Hapa daktari anakuja mpaka nyumbani," alisema Keith. "Anakuja, Maureen. Na begi lake. Kwetu ungengoja miezi sita kuonana na mtu wa akili, kisha ukaambiwa amehamishwa."

"Anakuja, ndiyo. Akitia sahihi karatasi moja, yeye na meya, mtu anaondolewa kwake. Kwetu kungekuwa na mtu wa ustawi wa jamii, angekunywa chai na Rukia, angemwuliza."

"Angekunywa chai mwaka ujao."

"Usimsikilize," Maureen aliniambia akigeuka. "Tangu siku ya mazishi amekuwa Mfaransa kuliko Wafaransa."

Keith akanisimulia mazishi yale. Marehemu Harold, mume wa Rukia, alikuwa Mwingereza aliyesilimu miaka mingi nyuma, Rukia alipokuwa muuguzi mwanafunzi huko kwao. Alipofariki, Rukia alitaka kaburi lielekee Makka, na makaburi yote ya kijiji yamepangwa kwa mstari kama madawati. Meya, ambaye pia ni fundi wa paa, alikuja mwenyewe na kamba na dira, akatazama, akasema, "Basi tuligeuze." Siku hiyohiyo lilichimbwa.

"Kwetu ningejaza fomu kumi," alisema Keith, "na jibu lingekuwa hapana yenye muhuri."

"Na kwetu treni zingekuwa zinakwenda," alijibu Maureen.

"Kwetu wachimba makaa waligoma mwaka mzima na waziri mkuu akawaacha wale nyasi. Hapa watu wanawapelekea wagomaji supu. Unaona hiyo ni sawasawa?"

"Naona dada wa Rukia amesimama kwenye ujia wa treni kwa muda wa saa tisa."

Walikuwa na habari zao zote za siasa kwenye ncha za vidole. Keith alinieleza kwamba Ufaransa mwaka ule ilikuwa na rais wa mrengo wa kushoto na waziri mkuu wa mrengo wa kulia, kila mmoja akiamini nchi ni yake, na kwamba wanalazimika kuketi meza moja kila wiki. Alilipenda jambo hilo. Maureen aliliona ni uendawazimu; yeye alisema hampendi yule mama anayetawala kwao, lakini angalau unajua ni nani wa kumlaumu.

Nilikuwa na hofu, na bado sikuacha kuwatambua. Hivi ndivyo tunavyokaa sisi Jumapili pale kwangu, sahani za pilau magotini, tukipima hospitali za Maryland kwa za Mombasa na Nairobi, na adabu za watoto wa huku kwa za kwetu, kila mmoja akisema "kwetu" na kumaanisha mahali alipoamua kuondoka. Tofauti ilikuwa kwamba jioni ile aliyekuwa akipimwa ni Rukia. Keith alitaka apewe dawa Ufaransa. Maureen alitaka arudishwe "nyumbani" Uingereza, kwa jamaa za Harold ambao hawakuja hata kuzika. Walibishana kwa upendo mkubwa juu ya nchi mbili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ipo ya tatu. Mimi niliyeijua nilivuta blanketi mpaka kidevuni.

Kabla ya giza walisimama tule. Kililetwa kipande cha kitu cha kijivu chenye mafuta pembeni, na Keith akaniapia kwamba ni bata mtupu. Maureen alionja, akasema, "Bata huyu aliishi na nguruwe, Keith." Nikala mkate.

Nyumba yenye mapazia

Nyumba ilikuwa ya mawe, ya mwisho kijijini. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Nilibisha, nikamwita jina. Nikaita tena.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Rukia. Maryamu."

Nilisikia kiti kikisogezwa, na Maureen akanishika kiwiko.

"Kuna mwanamume hapo?"

"Keith yuko garini."

"Mwambie aende, Dada."

Gari lilipoondoka, ufunguo ulizunguka. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mdogo wangu wa miaka arobaini na mbili, na nilipomkumbatia nilihisi mifupa ya mgongo wake mmoja mmoja. Alikuwa amehamishia kitanda jikoni karibu na jiko la kuni. Mezani palikuwa na kifurushi changu cha Novemba, na uzi wake haujakatwa.

Sikuwa na hekima ya kusubiri. Nilisema, "Rukia, siku zimekwisha."

"Hisabati naijua. Zimekwisha siku ishirini na tano zilizopita."

"Basi kwa nini?"

Alikwenda kuchochea moto. Alizungumza na mgongo wake ukinielekea.

"Siku ile niliamka alfajiri, nikaoga, nikavaa, nikasimama pale mlangoni. Uliniandikia utakuja. Nikasema atafika na treni ya mchana. Halafu nikasema ya jioni. Siku ya pili nikavaa tena. Siku ya tatu nikavaa tena, nikashika kitasa, nikaona haya. Nitoke peke yangu, kama mtu anayetoroka? Niende kwa nani? Barua yako ya kusema huji ilifika baada ya wiki." Akafunga mlango wa jiko. "Kazini walikunyima ruhusa?"

Alinigeukia alipouliza. Mama Béatrice alikuwa amenipa siku nzima ya kujitayarisha kwa swali lile.

"Ndiyo," nilisema.

"Pole," alisema Rukia.

Jumapili

Asubuhi mabomba yalikuwa yameganda. Nilitoka nikavuka uwanja hadi kwa Maureen, nikamweleza, kwa aibu, kwamba nahitaji maji ya moto na mwanamke mwingine, kwa kuwa mtu mmoja hamtoi mjane. Sikujua angesema nini. Alivua aproni, akauliza kama alete taulo.

Alikuja na birika mbili na ndoo, akarudi mara tatu. Tulimkalisha Rukia ndani ya beseni kubwa la bati mbele ya moto. Nilimsinga kwa liwa mabega na mikono, Maureen akimmiminia maji polepole kwa kikombe cha chai. Nilipomkabidhi Maureen sahani yenye makaa na udi ili amfukize Rukia, hakuelewa ni nani anayefukizwa. Alijifukiza mwenyewe, na moshi ukaingia chini ya sketi yake ya sufi ukatokea shingoni. Rukia alimtazama, mdomo ukacheza, kisha akacheka mpaka akashika ukingo wa beseni.

"Endelea, Maureen," alimwambia. "Leo Keith hatakutambua."

Maureen naye alicheka, na mara akaanza kulia. "Mama yangu alipofiwa," alisema, "tulimpa vikombe vya chai. Wiki nzima, chai. Hakuna aliyemgusa."

Nilikata uzi wa kifurushi. Tulimvisha leso, juu yake koti la Harold, na viatu vipya vilivyokuwa vikubwa kwa sababu miguu ilikonda nayo. Nilimshika mkono wa kulia. Kwenye kizingiti alisimama, na vidole vyake vikanibana hadi nikaumia. Sikumvuta. Maureen alikuwa nyuma yetu na taulo. Kisha Rukia akainua mguu, akatoka, akafunga macho kwa mwanga. Alifika kwenye lango dogo la bustani, hatua ishirini hivi, akapata kizunguzungu, tukamrudisha. Nilifurahi, lakini hofu haikupungua: kesho yake daktari angemkuta mwanamke anayeanguka baada ya hatua ishirini.

Jumatatu

Daktari alifika saa nne, mzee mwenye kaptula ya baiskeli juu ya suruali ya sufi, pua nyekundu. Keith alikuja naye, na safari hii Rukia aliwafungulia mwenyewe. Keith alivua kofia na kusema tu, "Rukia."

Daktari aliketi mbele ya Rukia, akampima mshipa, akatazama kope, akaanza maswali. Maureen alinong'ona tafsiri sikioni mwangu. Leo ni siku gani? Alijibu. Amekula nini? Alijibu, akapunguza ukweli kidogo. Kwa nini hakutoka? Rukia alieleza eda, kwa Kifaransa cha polepole, na nikaona daktari akiandika, akiandika sana.

"Na nchi hii," alisema akiwa bado ameinama, "inatawaliwa na nani?"

Keith alifumba macho.

"Inategemea, Daktari," alisema Rukia. "Mwenye kiti ni wa kushoto, mwenye funguo ni wa kulia. Kwetu nilizoea kuona mume mmoja mwenye wake wawili. Hapa ndipo nilipoona mara ya kwanza mke mmoja mwenye waume wawili ndani ya nyumba moja, na hawasemezani. Nami mnaniuliza mimi kama nina akili."

Kalamu ilisimama. Daktari aliinua uso, akamtazama Keith kama anayetafuta shahidi, kisha akacheka hadi akakohoa. Aliichana karatasi aliyokuwa akiiandika. Lakini hakumwacha huru kabisa: alimwambia kwamba amekonda kupita kiasi, na kwamba kila Alhamisi ataripoti kwake kliniki, kwa miguu, kilomita moja na nusu, na siku asipomwona atakuja na ile karatasi nyingine, ya kutiwa sahihi na meya. Alipoondoka, Keith alisema kwamba hapa ndipo unapoona ubora wa mfumo wa Ufaransa. Maureen alimwambia kwamba mfumo haukufanya chochote. Aliyefanya ni Rukia.

Kurudi

Nilikaa naye hadi wiki ya pili ya Januari. Alhamisi mbili tulikwenda pamoja kwa daktari, Rukia akipumzika kwenye ukuta wa kila shamba. Siku moja baada ya Krismasi, tukiwa makaburini, nilikuwa nikitafuta namna ya kuanza mazungumzo ya maisha yake ya mbele, naye akaniokoa, au akaniadhibu. Hata sasa sijui.

"Usiogope, Dada," alisema akifuta barafu kwenye jiwe la Harold. "Siji Lanham."

"Sijasema—"

"Hukusema. Tangu Julai hukusema. Mimi naishi hapa. Maureen atanitesa kwa chai yake, Keith kwa siasa zake, nitaishi."

Nilipaswa kupinga. Nilitazama kaburi lile moja lililokaa mshazari kati ya yote yaliyonyooka, nikasema kwamba baridi inazidi, turudi ndani.

Treni zilikuwa bado hazina ratiba. Keith alinipeleka mpaka Paris kwa gari, saa nane barabarani, akinilinganishia shule. Nilifika hapa Lanham Jumapili, mkaja na vyakula, mkauliza. Nyumba, ambayo tangu binti yangu aende chuoni nimeipenda kwa ukimya wake, sikuweza kulala ndani yake. Wiki nne baadaye nilimwandikia Rukia barua hii. Nainakili kama ilivyo, kwa kuwa bila hiyo ningekuwa nimewasimulia nusu tu.

Lanham, 8 Februari 1987

Rukia mdogo wangu,

Baada ya salamu. Maureen ameniandikia kwamba Alhamisi iliyopita ulifika kwa daktari bila kupumzika hata mara moja, na kwamba mlibishana njia nzima. Nilisoma mara mbili.

Uliniuliza kama kazini walininyima ruhusa, nami nikasema ndiyo. Hawakuninyima. Sikuwaomba. Tarehe 25 Novemba nilikuwa mezani kwangu maktabani, sikuwa na kazi kubwa. Siku ya tatu, uliposhika kitasa, nilikuwa Bowie kwa marafiki kwenye chakula cha sikukuu ya shukrani, nikicheka. Niliogopa kwamba atakayetoka ndani ya nyumba ile atahitaji nyumba nyingine, na iliyokuwapo ni yangu. Uliiona hofu hiyo usoni mwangu ukanisamehe kabla sijakiri, lakini ulisamehe jambo dogo kuliko nililotenda. Kwa hiyo nakuandikia lenyewe.

Chumba cha nyuma nimekisafisha. Sisemi hivyo ili uje. Nasema ili ujue kwamba sasa kipo, na kwamba ulipaswa kuambiwa Julai.

Hitma ya mwaka tangu Harold atutoke tutaisoma pamoja huko Julai, ukikubali. Nimeomba likizo, nikakaa mbele ya msimamizi wangu mpaka akatia sahihi. Siku nitakayofika usivae mapema, wala usisimame mlangoni. Kula chakula chako cha mchana. Nitabisha.

Dadako,
Maryamu